Sharti la Shoka

Siku tuliyomzika Mama Vai, pale Chapwa, nilikuwa na akina mama wenzangu jikoni, naosha mchele kwenye beseni, nikamsikia Obedi upande wa wanaume anasimulia tena habari ya jicho lake. Anaisimulia karibu kila msiba tunaokutana. Vijana wanamuuliza, naye hachoki. "Huyu dada mnayemwona pale," akasema, akaninyooshea mkono, "aliniita. Tena aliniita kwa wakati wake. Ni sikio langu lililogoma." Watu wakageuka kunitazama kwa heshima, na mzee mmoja akanipungia mkono kabisa. Mimi nikainama nikaendelea kuosha mchele uliokuwa umeshatakata zamani. Siku ile jicho lilipopotea, Mama Vai ndiye aliyekuwa amesimama ubavuni kwangu, na ndiye pekee aliyesikia nilisema nini na nilisema wakati gani. Hakumwambia mtu mpaka anakufa. Nilidhani tukishamfukia nitapumua. Wapi! Nilitoka makaburini nina hasira na kila mtu, nikamgombeza hata dereva wa bajaji aliyenisalimia vizuri tu, kwa sababu sasa niliyebaki kuujua uongo wangu ni mimi peke yangu.

Mwaka ninaousema Tunduma ilikuwa bado mkoa wa Mbeya. Foleni ya malori ilianzia mpakani ikarudi nyuma hadi unachoka kuitazama, na mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, nakanda unga kwa Mama Vai. Alikuwa na vyumba viwili vya mabati nyuma ya maegesho ya malori. Cha mbele tulipikia chapati, maharage na chai, na siku mojamoja tulikaanga vinkubala, wale viwavi wakavu wanaoletwa na wanawake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, ambao makuli waliwatafuna kama karanga. Chumba cha nyuma kilikuwa na televisheni, mashine ya gemu na mabenchi mawili. Asubuhi hapakuwa na mtu, mchana palijaa. Kulikuwa na joto la mabati, harufu ya mafuta ya chapati, harufu ya miguu ya watu waliobeba magunia tangu alfajiri, na matusi ya lugha nne. Mama Vai alikuwa mnene, mpole kwa wateja, mkali kwangu. Alikuwa na desturi ya kusema na mtu huku amempa mgongo, anageuza chapati, na ukidhani hakuoni, umekwisha.

Gemu waliyoipenda ilikuja kwenye diski ya kuchomwa, maandishi yake ya kigeni hata hatukujua ni ya nchi gani. Tuliiita Mapanga. Ndani yake kuna mtu mmoja mwenye kilemba anayepita kwenye mahame anachinja mazimwi, na humo njiani anaokota silaha, na kila silaha ina balaa lake. Tuliita hivyo, balaa. Unapiga, unapiga, halafu ghafla panga linawaka moto na wanaokuzunguka wote wanaungua, wanapiga kelele, damu inaruka hadi kwenye kuta. Lakini balaa lilikuwa halitoki kila mara, na hakuna aliyejua linatoka lini. Basi kila mtu akawa na dini yake. Kuna aliyesema ubonyeze kwa dole gumba la kushoto. Kuna aliyeipulizia diski mara tatu. Kulikuwa na jamaa wa Momba aliyeapa kwamba ukila nguruwe siku hiyo panga haliwaki, na nusu ya benchi wakamwamini, wakaacha kiti moto cha watu kinapoa. Walipigana kweli kweli kwa ajili hiyo. Nilishaona kuli amempasua mwenzake mdomo kwa pedi ya gemu kwa sababu alimsemesha wakati panga liko karibu kuwaka.

Mimi ujinga huo uliniudhi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kichwa changu hakina kazi, basi asubuhi, unga ukiwa umefunikwa unapumzika, nilikuwa naingia chumba cha nyuma na daftari la zamani la Bayolojia. Nachukua silaha moja, napiga zimwi lilelile, naandika. Wiki tatu nilifanya hivyo. Nikagundua panga la moto linawaka kwenye pigo la nne, lakini mapigo yafuatane bila wewe kuguswa. Ukiguswa, unaanza upya. Mkuki unatoa radi ukikinga pale pale adui anaposhusha mkono, si kabla, si baada. Upinde ndio peke yake uliokuwa wa bahati: mara unatoa sumu, mara hautoi, na ukihesabu siku nzima huoni mpango. Halafu kulikuwa na shoka jekundu. Shoka hilo watu walilidharau, lilikuwa zito na halikati kitu, wakiliokota wanalitupa. Siku moja nikalichukua kwa uvivu, nikapigwa na mazimwi hadi karibu kufa, na hapo hapo shoka likapasuka. Sikuona vizuri kilichotokea. Skrini nzima ilikuwa nyekundu, na ilipotulia, mazimwi yote yalikuwa vipande. Nilirudia mara ishirini. Halikuwa na uchawi, lilikuwa na sharti: uhai wako ubaki uzi mwembamba kabisa. Ukiwa mzima, ni chuma tu. Ukikaribia kufa, hakuna wa kusimama mbele yako.

Obedi ndiye wa kwanza niliyemwambia. Alikuwa kuli, kijana wa Iyula, mrefu, miaka ishirini, anakula chapati tano na bado anaangalia ya jirani. Alicheka akaniuliza, "Enesi, kwani we mganga?" Nikamjibu, "Mganga shangazi yako. Kaa hapa." Tatizo lilikuwa televisheni. Ilikaa miezi pembeni ya spika kubwa yenye sumaku, kona yake ya juu kushoto ikaingia doa la zambarau lisilotoka, na kona hiyohiyo ndiyo gemu ilikoweka mstari wa uhai. Mtu wa benchi haoni kitu. Kuuona ilibidi ukae kwenye kreti ya soda, pua karibu iguse kioo, na ukikaa hapo huwezi kucheza. Basi tukagawana kazi. Yeye akashika pedi, mimi nikakaa kwenye kreti nikitazama ule mstari ukipungua ndani ya doa, na kazi yangu ilikuwa maneno mawili tu. "Bado," nasema. Anapigwa. "Bado." Anapigwa, benchi zima linapiga kelele kwamba atakufa. "Bado, bado... Sasa!" Na yeye bila kuuliza anabonyeza, na shoka linachinja kila kilichosimama. Walikuja vijana wa Nakonde kushindana nasi, wakarudi kwao wamenyamaza. Obedi alikuwa haangalii uhai wake kabisa. Alikuwa ananisikiliza mimi.

Sasa niseme jambo la makuli, maana bila hilo hakuna kinachoeleweka. Lori likifika la kushusha na makundi mawili yakaligombea, hawakupigana kundi kwa kundi, wangeuana. Kila kundi lilitoa mtu mmoja. Wawili hao walikwenda nyuma ya maegesho, kwenye uwanja wa vumbi, mikono mitupu, wanapigana mpaka mmoja aseme "basi", na akisema "basi" haguswi tena hata kwa kidole. Aliyeshinda, kundi lake linapanda kwenye lori. Wenyewe waliona ni utaratibu wa heshima kabisa. Nilishaona meno yameokotwa kwenye vumbi na mwenyewe akayatia mfukoni, kisha akaja kwetu kuomba chai isiyo ya moto.

Mara ya kwanza Obedi kutolewa na kundi lake, alipewa mtu wa Mlowo, mpana, shingo hana. Tulitoka wote kutazama, mimi na unga mikononi. Yule wa Mlowo alimpiga Obedi ngumi za mbavu hadi ukasikia sauti ya pumzi inavyotoka, akampiga mdomo ukapasuka. Obedi akayumba, akanitafuta kwa macho kwenye umati, na mimi, kwa mzaha, Mungu anisamehe, kwa mzaha tu, nikapaza sauti, "Bado!" Akacheka. Meno yote mekundu, anacheka. Akaacha apigwe tena, na yule mpana akazidi kurusha, akazidi kuhema, mikono ikaanza kushuka yenyewe. Nikaona kifua chake kinavyopanda na kushuka. "Sasa!" Obedi alimpiga ngumi moja ya taya na nyingine ya hapo hapo kabla hajaanguka, na taya likaenda upande. Halikurudi. Mtu yule alikuwa anajaribu kusema "basi" na neno halitoki, anatoa povu na damu, ikabidi apige ardhi kwa kiganja.

Siku hiyo kundi zima lilikuja kula kwetu. Walikuwa wamepandwa na wazimu. Na hapo ndipo nilipoanza kusikia maneno, nikiwa nakaanga, wao wako nyuma yangu. "Jamaa ana dawa." "Dawa gani?" "Kachanjwa. Sharti lake asirushe ngumi mpaka damu yake imwagike." "Na yule binti?" "Yule ndiye anayeijua saa yake." Kwetu huku kila mtu anajua dawa haikosi sharti, hivyo gemu na uganga vikaingiana bila mtu kuona ajabu yoyote. Ningeweza kugeuka nikawaambia acheni upuuzi, mtu wa Mlowo alichoka tu, basi. Mimi niliyewacheka wapuliza diski! Sikugeuka. Nilipenda. Nisijifanye mtakatifu hapa, nilipenda sana. Msichana anayekanda unga, halafu wanaume kumi wanakuja mbio mlangoni, "Enesi, twende, wanaanza," na hawaanzi mpaka nifike.

Alipigana mara tatu kwa mtindo huo na mara zote alishinda. Mara ya pili alivunjwa pua. Mara ya tatu alikojoa damu siku mbili, akaniambia kwa siri huku anakula ugali na dagaa wa kapenta kwenye kona, anatafuna upande mmoja wa mdomo, na aliniambia kama mtu anayejisifu. Nilimuuliza, "Inauma?" Akasema, "Inauma mpaka uniite. Ukishaniita haiumi." Alikuwa hana utani. Obedi alipoondoka, Mama Vai akasema, amenipa mgongo, "Yule mtoto wa watu anapigwa kwa ajili ya mdomo wako." Nikajibu kwa kiburi, "Si anashinda?" Akageuza chapati. "Ndiyo. Anashinda," akasema.

Mara ya nne ilikuwa saa sita mchana, jua kali, vumbi jekundu. Lililogombewa ni lori la mbolea. Kundi la pili halikuwa na mtu wa kumtoa, wote walikuwa wanamwogopa Obedi na dawa yake, wakamchukua utingo wa lori lililokuwa kwenye foleni, mtu wa mbali, hakuna aliyejua kwao. Mwembamba, mkimya, alivua shati akalikunja vizuri akaliweka juu ya tairi. Hakujua desturi zetu. Hakuna aliyemweleza kuhusu "basi", hakuna aliyemweleza kwamba ni mikono mitupu, na mimi nilimwona mwenzake amesimama karibu na tairi kashika spana ya magurudumu, nikaona ni mtu tu na spana yake, madereva na matingo si ndiyo zao.

Wakaanza. Tangu mwanzo niliona kitu hakiko sawa, na nilikiona vizuri, msinitetee. Wale wengine walirusha ngumi nyingi wakachoka. Huyu alikuwa harushi nyingi. Anapiga moja, anarudi nyuma, anavuta pumzi kwa pua, anapiga nyingine palepale alipopiga mwanzo. Sikioni. Sikioni. Sikioni tena. Obedi mikono chini, kama kawaida yake, anasubiri. Damu ikaanza kutoka sikioni kwa mkondo, ikaingia kwenye ukosi. Akanitazama. "Bado!" nikasema, kwa sababu utingo alikuwa hajachoka. Akapigwa jicho, likavimba papo hapo. Goti la kulia likakunjika, akalinyoosha. Akanitazama tena. Mwanamke mmoja wa Nakonde aliyekuwa mbele yangu, beseni la vinkubala kichwani, akaanza kulia, "Leka, iwe! Leka!" akimwomba yule utingo aache. Mama Vai alinishika mkono hapa juu ya kiwiko. "Mwite, Enesi. Mwite sasa hivi." Watu walikuwa wanapiga kelele, wananitazama mimi, siyo wale wawili wanaopigana, wananitazama mimi. Nilitaka iwe kubwa kuliko zote. Niliwaza, ngoja wote wakate tamaa kwanza. Hakukuwa na mstari wowote wa kutazama pale, ulikuwa uso wa mtu, na uso ulikuwa unaniambia wazi kabisa kwamba umefika mwisho. Akanitazama mara ya tatu, kwa jicho moja, kama mtu anayebisha hodi.

"Bado," nikasema.

Yule mwenzake utingo aliyesimama kwenye tairi akamrushia ile spana. Aliidaka, na hata hakutishia nayo, aliishusha tu. Sauti yake siwezi kuifananisha na kitu na sitaki. Jicho na upande ule wa uso vikaenda kwa pamoja, na mikono ya Obedi ilikuwa bado iko chini, kando ya mapaja, inasubiri neno langu. Alianguka kwa magoti kwanza. Akalala kifudifudi kwenye vumbi. Hapo, akiwa tayari yuko chini, ndipo niliposikia sauti yangu inapiga kelele, "Sasa! Sasa! Sasa!" Mama Vai akaniziba mdomo kwa kiganja chenye mafuta, na kwenye kelele zile hakuna mwingine aliyejua nimesema nini wala lini. Makuli walimvamia yule utingo. Walimpiga kwa mawe, kwa mateke, kwa jeki, walimburuza kwa miguu kichwa kinagonga kokoto, na askari walipofika walimnyanyua kama nguo iliyolowa. Alikuwa hai. Baada ya hapo sikusikia habari zake tena, na aibu yangu nyingine ni kwamba sikuuliza.

Nilikwenda hospitali siku ya tano, na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Wodi ilikuwa na vitanda viwili viwili vimegusana, mgonjwa wa jirani anakoroma. Kichwa cha Obedi kilikuwa bandeji tupu, limebaki jicho moja na mdomo. Nilimnywesha kijiko kwa kijiko. Akameza, akapumzika, akauliza, na hakuwa na lawama, alikuwa anataka kujua tu, "Enesi, mbona hukuniita?" Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kulia, kupiga magoti, kila kitu. Kilichotoka kinywani ni hiki: "Nilikuita. Nilikuita kabla ya spana. Hukusikia." Akapeleka mkono taratibu akagusa bandeji pale sikio lilipokuwa. "Kumbe," akasema. Halafu akasema, "Pole sana, Enesi. Nilikuangusha." Yeye akanipa pole mimi. Nikamwekea kijiko kingine mdomoni ili asiendelee.

Uongo huo umekula chumvi nyingi. Obedi alirudi Iyula, akapanda kahawa, akaoa, akapata watoto wanne, na kila mwaka baada ya mavuno nilikuwa naenda kumsalimia, na kila mwaka ananiwekea kiti chenye mto. Watoto wananiita shangazi. Amewafundisha kwamba mtu akikuita, acha ulichoshika, itika, msije mkawa kama baba yenu. Nimewaona watoto wale wanavyoitika, hata wa mwisho, anatoka mbio na kijiko mkononi. Nilikuwa naiambia nafsi yangu, mwache na amani yake, ukweli utamsaidia nini. Amani ya nani? Nilikuwa nalinda kiti changu chenye mto.

Wiki moja baada ya kumzika Mama Vai nikapanda gari hadi Mlowo, nikachukua bodaboda hadi Iyula, sikupiga simu. Nilimkuta anakula, ugali na maharage na mboga ya maboga, mkewe akaniletea maji ya kunawa, nikakaa nao mkekani. Kijana wake mkubwa, Elia, alikuwepo. Obedi akageuza sikio lake zima upande wangu, akatabasamu. "Karibu, Mama Upendo," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu. "Leo tumekuota." Nilikula matonge mawili. La tatu nikalirudisha sahanini. Nikasema, "Obedi, ile siku sikukuita. Nilisema bado. Uliniangalia mara tatu, na mara zote tatu nilisema bado, na nilikuona umekwisha. Neno la sasa nililisema uko chini. Sikio lako halina kosa."

Aliendelea kutafuna kile kilichokuwa mdomoni mpaka kikaisha. Akanitazama kwa lile jicho moja, na nilitamani anirukie, anipige, nilikuwa tayari kabisa kupigwa. Mkewe alitaka kusema kitu, akamnyamazisha kwa kidole. Akavuta beseni la maji, akanawa mkono, sahani yake bado ina nusu, akajifuta kwa utaratibu kidole kwa kidole.

"Elia," akasema.

"Naam, baba!" Kijana alikuwa ameshasimama.

"Msindikize mgeni mpaka barabarani."

Hakusema shangazi. Katika miaka yote hiyo alikuwa ananisindikiza mwenyewe, mvua iwe, jua liwe, anasimama pale mpaka gari linitoe machoni pake. Nilichukua kitenge changu nikatoka. Nilipofika kwenye migomba niligeuka kutazama, mlango ulikuwa umefungwa.